Kwa nini jaji aliyeketi Dodoma alikikataa kitanzi mwaka 1994?

Je, wajua kwamba Mahakama Kuu iliyoketi Dodoma iliwahi kuitangaza adhabu ya kifo kuwa kinyume na Katiba ya Tanzania? Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya aliwatia hatiani washtakiwa wawili wa mauaji, kisha akagoma kutamka kunyongwa. Akawapa kifungo cha maisha. Alitaja ukatili wa kitanzi, na akataja pia kwamba maskini wengi hawapati utetezi wa maana.

Uamuzi huo haukudumu. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikasema Katiba, ibara ya 30(2), inairuhusu kwa maslahi ya jamii. Yaani ni ukatili, lakini ukatili halali.

Hoja ya maskini ndiyo ninayoirudia kila mara, kwa sababu kasoro za kesi zetu si lazima zitokane na rushwa. Nyingi ni za kawaida kabisa. Fikiria uvamizi wa usiku kijijini huko Bahi, kibatari kimoja ndani, na shahidi mwenye hofu anayesema, "Nilimwona, ni yule." Mahakama ya Rufani ilishaonya mwaka 1980 kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno: lazima iulizwe mwanga ulikuwaje, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, walifahamiana kabla au la.

Halafu kuna lugha. Hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee alieleza kwa Kigogo, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, jaji akaandika kwa Kiingereza, na majaji wa rufaa wakasoma karatasi hiyo. Neno lililomaanisha "nilimsukuma" lilikuwa na safari ndefu hapo katikati. Na kwenye mauaji, tofauti ya kusukuma na kukusudia ndiyo tofauti ya kifungo na kitanzi, maana kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilimwachia jaji adhabu moja tu. Mshtakiwa mwenyewe hana dhamana. Anakaa mahabusu akisikia "upelelezi haujakamilika" huku mashahidi ambao wangemsaidia wanahama na mifugo au wanafariki.

Sasa, wapo wanaosema: daktari akikosea hatufungi hospitali, basi turekebishe mahakama tuiache adhabu. Siidharau hoja hiyo, hasa ikisemwa na aliyezikiwa mtoto wake. Na ni kweli pia kwamba kasoro hazimsaidii sana muuaji aliyekamatwa mchana kweupe mbele ya soko zima. Anayetaka kumwokoa huyo atafute sababu nyingine.

Lakini sheria haiwezi kuwa na mlango wa pekee wa kesi "zenye uhakika kabisa". Kila anayetiwa hatiani tayari ametiwa pasipo kuacha shaka, angalau kwenye karatasi. Uganda, mtu mmoja alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982 kwa kumuua mwanamume ambaye alikuwa hai. Aliachiwa mwaka 2000. Ujana wake haukurudi, ila yeye alirudi nyumbani. Uingereza, Timothy Evans alinyongwa mwaka 1950. Alisamehewa rasmi mwaka 1966, akiwa kaburini. Makosa ya mahakama yanafanana. Kilichotofautiana ni kama kulibaki mtu wa kufunguliwa mlango.

Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kuwa kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi, ikaitaka Tanzania ibadilishe sheria. Kunyonga kwenyewe kumesimama tangu 1994, mwaka ule ule wa Mwalusanya, kwa kuwa marais hawajatia saini hati za kunyonga. Hayati Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba yeye hatasaini. Hukumu hazikusimama. Kwa hiyo aliyehukumiwa kimakosa, tuseme yupo gereza la Isanga hapa Dodoma, analindwa na kalamu ambayo haijaguswa, na kila rais anayeingia anaikuta mezani.