Uwezo wa malisho: hesabu inayoanzia kwenye nyasi

Uwezo wa malisho ni idadi ya mifugo ambayo eneo fulani linaweza kuilisha mwaka mzima bila nyasi zake kudhoofika mwaka hadi mwaka. Maneno yanayobeba uzito hapo ni "mwaka mzima", nayo ndiyo husahaulika upesi. Anayepita Longido au Monduli, mkoani Arusha, mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, huona ardhi inayoweza kushibisha ng'ombe wa kila boma. Akirudi Septemba, kabla ya vuli, hukuta vumbi. Ranchi ya nyanda kame hupimwa kwa Septemba.

Upimaji wenyewe hauhitaji maabara. Mwishoni mwa masika, fremu ya mbao yenye mita 1 kila upande hutupwa sehemu mbalimbali bila kuchagua penye nyasi nzuri, kisha nyasi zilizomo ndani yake hukatwa kwa mundu, hukaushwa na kuwekwa kwenye mizani. Tuseme wastani ni gramu 150, ambazo ni sawa na kilo 1,500 za nyasi kavu kwa hekta. Nusu yake haina budi kuachwa ardhini, kwa kuwa ndiyo inayolisha mizizi na kuyazuia maji ya mvua yasiondoke na udongo. Zinazoliwa ni kilo 750. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kila siku, yaani kilo 6 na robo, au karibu kilo 2,280 kwa mwaka, hivyo anahitaji kama hekta 3. Kwa hesabu hiyo ranchi ya hekta 600 hubeba ng'ombe 200, na mvua ikipungua hata nyasi zikawa nusu, hubeba 100 tu. Ile mia nyingine inapaswa kufika mnadani Meserani ingali imenona, kabla mbavu hazijahesabika. Najua ushauri huu ni mchungu kwa mfugaji, lakini ukame wa 2008 na 2009 uliua mifugo mingi sana katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, na mzoga hauna bei.

Wamaasai walikuwa na jibu lao kabla ya mizani na fremu. Alalili ni eneo la karibu na boma linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikomae, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Wasukuma huliita ngitili. Upungufu wake ni kwamba nyasi iliyosimama hadi Septemba hujaza tumbo lakini protini yake imeshuka sana.

Hapo ndipo uzalishaji wa malisho unapoingia. Nyasi zinazostahimili ukame, kama Cenchrus ciliaris, hupandwa kwenye kipande kilichozungushiwa uzio, hukatwa zinapoanza kutoa maua, huanikwa siku mbili au tatu huku zikigeuzwa, kisha hushindiliwa ndani ya sanduku la mbao na kufungwa kwa kamba kuwa robota. Majani ya tembo, yanayositawi kwenye migomba ya Moshi, hayafai Longido pasipo maji ya kumwagilia.

Hata hivyo hei, yaani nyasi hizo zilizokaushwa, isihesabiwe kwa macho. Marobota 300 ya kilo 15 hujaza stoo ndogo hadi darini, lakini ni kilo 4,500 tu, ambazo hutosha ng'ombe 12 kwa siku 60. Kundi la 200 lingezimaliza kwa siku nne. Kwa hiyo hutengwa kwa ndama, ng'ombe wenye mimba kubwa na wale wanaonyonyesha, na kundi lililobaki huendelea kutegemea ile nusu inayoliwa malishoni. Ndani ya stoo marobota hupangwa juu ya chanja, yakiwa mbali kidogo na ukuta, kwa kuwa mchwa huanzia chini na unyevu wa ukutani huleta ukungu.