Je, wajua kwa nini ofisi ya miradi huifaa kampuni moja na kuielemea nyingine?

Kampuni ikishakuwa na kazi nyingi kwa mpigo, huja wazo la kuunda ofisi ya usimamizi wa miradi: watu wachache wa kupanga ratiba, kufuatilia bajeti na kumpa mkurugenzi taarifa. Shida huanza ofisi hiyo inapoazimwa nzimanzima kutoka kwingine, fomu zake zikiwemo.

Wataalamu huzigawa ofisi hizi katika aina tatu. Ipo ya kusaidia tu, inayotoa ushauri na violezo. Ipo ya kudhibiti, inayokagua kama taratibu zinafuatwa. Na ipo inayoongoza yenyewe, mameneja wote wa miradi wakiwa chini yake. Ipi inafaa? Inategemea kampuni inaumia wapi.

Tuchukue mkandarasi wa Dodoma mwenye kazi za Serikali Mtumba na Nala. Kinachomuuma ni fedha na mvua. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30, hivyo hati ya malipo iliyokaa mezani ikisubiri saini inaweza kuangukia bajeti ya mwaka mwingine, huku vibarua na muuza nondo wakidai chao. Mvua nazo huku ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Msingi usiochimbwa Novemba utachimbwa kwenye tope. Huyu anahitaji ofisi ya kudhibiti, na kazi yake ya kwanza iwe kuhakikisha vipimo vya kazi iliyokamilika vimesainiwa na mhandisi mshauri mapema, Mei isiishe. Fomu ya kurasa kumi kila Jumatatu haimsaidii. Msimamizi wa saiti ataijaza usiku kwa kunakili ya wiki iliyopita, abadilishe tarehe, na bosi wake anajua.

Msindikaji wa zabibu ni habari nyingine. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mtambo mpya sharti uwe umefungwa kabla ya mavuno. Hahitaji idara, mtu mmoja mwenye kalenda na ruhusa ya kumwona mkurugenzi bila miadi anatosha.

Mahitaji yenyewe hayatulii, na ofisi iliyofaa jana huenda isifae leo. Mfano uko hapa hapa Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa 1973, mwaka ulioamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Ilipanga mji na kugawa viwanja, mfano wa ofisi ya aina ya tatu hasa, inayoongoza yenyewe. Baadaye majukumu yake yakawa yanagongana na ya Manispaa, na Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja. Kazi zake zikahamia Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji.

Ukitaka kuipima ofisi ya kwenu, chukua taarifa zake tatu za mwisho, uliza ni uamuzi gani ulibadilika kwa sababu yake. Ukikosa jibu, waulize wakuu wa idara ni jambo gani huwa wanapiga simu saiti kuliulizia. Hilo ndilo likae ukurasa wa kwanza.