Koili fupi haipunguzi umeme: hesabu za volti na ampea tunazokosea kila siku

Juzi nipo Ngamiani, hapa Tanga, kwa fundi mmoja hivi nimempeleka shangazi, jiko lake la umeme la koili limekatika. Fundi akatoa kipande kilichoungua, kama robo ya koili nzima, akaivuta iliyobaki akaifunga, akamwambia "mama sasa hivi litakula umeme kidogo, si unaona waya umepungua". Shangazi huyo kafurahi. Mimi nikanyamaza maana kumkosoa fundi mbele ya mteja wake sio ustaarabu, ila kufika nyumbani nikachukua kalamu.

Wanasema: koili ikiwa fupi umeme unaoliwa unapungua

Ni kinyume kabisa. Jiko limeandikwa wati 1000 kwa volti 230. Ukitaka ampea chukua wati ugawe kwa volti, unapata 4.35 hivi. Ukitaka ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu, chukua volti ugawe kwa hizo ampea, zinakuja kama omu 53. Sasa umekata robo ya waya, ukinzani nao umetoka robo, zimebaki omu 40, lakini volti za ukutani ni zilezile 230 maana ukuta haujui kama fundi kakata. 230 gawanya kwa 40 ni ampea 5.75, zidisha tena kwa 230 unapata wati 1,320 na ushee. Jiko la 1000 limekuwa la 1300! Chai itachemka haraka ndio, ila joto la koili linafuata ampea mara ampea, kwa hiyo kila sentimita iliyobaki inabeba joto kama mara 1.75 ya lile la mwanzo na hapo ndo utaelewa kwa nini koili ya kuungaunga haimalizi mwezi, afu plagi yenyewe inaanza kunuka plastiki.

Wanasema: wati nyingi = ukinzani mkubwa

Hili ni ndugu yake lile la juu. Balbu ya zamani ya njano, zile watu wanazolelea vifaranga, ya wati 100 ina omu 529 ikiwaka, ya wati 60 ina 880 hivi. Ndogo ndo ina ukinzani mkubwa. Na usishangae ukiipima ya wati 100 ikiwa baridi mita ikakuonyesha omu chini ya 50, mita haijaharibika, uzi wa ndani ukipata moto ukinzani unapanda zaidi ya mara 10. Ikiwa baridi inavuta ampea nyingi kwa ghafla, ndo maana balbu hizo hupenda kuungua pale unapobonyeza swichi.

Wanasema: volti kubwa ndo inapoteza umeme

Hapa ndo wengi wanachanganyikiwa, hata waliosoma. Kuna kanuni inasema wati ni volti mara volti gawanya kwa ukinzani, nyingine inasema wati ni ampea mara ampea zidisha kwa ukinzani. Mtu anauliza sasa ukinzani ukipanda wati zinapanda au zinashuka?? Jibu ni kwamba volti unazoweka kwenye kanuni lazima ziwe za kitu hichohicho unachokipigia hesabu, kutoka ncha yake moja mpaka nyingine, sio volti za laini nzima.

Chukua mfano wa hapahapa kwetu, kituo cha umeme wa maji cha Hale kina megawati 21 (wati milioni 21). Ungetaka kuzisafirisha zote kwa volti 230 (naacha habari ya fezi tatu ili hesabu iwe rahisi) ungehitaji ampea zaidi ya 91,000, waya gani huo? Ukipandisha mpaka volti 132,000 ampea zinashuka mpaka 159. Waya wa njiani una ukinzani wake mdogo, na unachopoteza kama joto ni ampea mara ampea mara huo ukinzani, kwa hiyo volti zikipanda ampea zinashuka na upotevu unapungua. Zile 132,000 hazipo ndani ya waya kutoka mwanzo mpaka mwisho wake, ni tofauti kati ya waya na waya.

Wanasema: chaja ya ampea 3 itaua simu ya ampea 1

Hapana. Ampea zilizoandikwa kwenye chaja ni uwezo wake wa mwisho, simu inavuta inachotaka. Kinachoua ni volti zisizo zake. Tuendelee.

Wanasema: umeme ukiwa mdogo jioni unaokoa LUKU (umeme wa kulipia kabla)

Jiko lile la omu 53 likipata volti 190 linatoa wati 680 tu, kwa hiyo kweli yuniti zinaenda polepole, ila maharage nayo yanachelewa na sufuria inapoteza joto muda wote huo, mwisho unalipa yaleyale au zaidi. Friji ndo balaa, mota yake ina mzigo wa kusukuma, volti zikishuka inavuta ampea nyingi zaidi na kupata moto. Na mota usiipigie hesabu kwa kupima omu za waya wake ukagawa 230, utapata ampea za kutisha ambazo haivuti ikiwa inazunguka, umeme wetu unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde na koili ya mota inaupinga kwa sumaku yake pia.

Shangazi nimemnunulia koili nzima. Kabla ya kuifunga nikaipima, plagi ikiwa nje ya soketi maana omu hazipimwi umeme ukiwa ndani, mita ikasoma 50. Hizo tatu zilizopungua zinakuja ikishawaka nyekundu. Ile iliyokatwa robo, shangazi kasema niiache kwenye droo, eti itafaa siku moja.