Je, wajua mji kama Dodoma unahesabuje nyumba wanazohitaji watu wa kipato cha chini?

Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati hapo, mwaka 2016, serikali ilitangaza kuhamia huko kwa vitendo, miaka 43 baada ya uamuzi wa 1973 wa kuufanya mji huo makao makuu ya nchi. Watumishi wakaja, na nyuma yao mafundi, mama ntilie na bodaboda. Wote hao wanalala wapi?

Hesabu ya kwanza ni nyepesi: watu 354,000 walioongezeka, ukiwagawa wanne kwa kila kaya, ni kaya kama 88,500. Lakini ukiishia hapo umekosea. Hujawaona waliokwisha kubanana kabla ya wageni kufika, wala kijana mwenye mke na mtoto ambaye bado analala sebuleni kwa kaka yake kwa sababu hana pa kwenda. Kwenye takwimu za kaya huyo haonekani kabisa. Ni lazima mtu apige hodi, aulize chumba hiki wanalala wangapi. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, huhesabu msongamano pale watu wanapozidi watatu kwa chumba.

Kisha linakuja suala la mfuko, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Tuseme fundi anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Kodi anayoimudu ni 90,000. Kwenye karatasi amepata nyumba. Ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, yaani 540,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Jumla 630,000, zaidi ya mishahara miwili, kabla hajanunua hata godoro. Tathmini isiyouliza kodi inalipwaje itamhesabu fundi huyu kuwa ameshapata makazi, na hajapata.

Umbali nao huingia kwenye hesabu. Chumba cha 50,000 pembeni ya mji kinaonekana nafuu. Kama nauli ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Chumba hicho sasa ni cha 102,000, na fundi wetu uwezo wake uliishia 90,000.