Leseni peke yake haimwingizi daktari tieta (chumba cha upasuaji)

Muulize mtu wa Malindi ni kitu gani humruhusu daktari kupasua hospitalini, atakujibu: leseni. Hiyo ni nusu ya jibu. Haya ndiyo yasemwayo, na ukweli wa kila moja.

"Ana leseni, basi afanye lolote." Leseni ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, ambayo huisha kila 31 Desemba, yasema huyu ni daktari. Haisemi kwamba katika hospitali hii anaweza kutoa mawe ya nyongo kwa kamera ipitishwayo tundu dogo tumboni. Hilo huamuliwa na hospitali yenyewe, kwa orodha: upasuaji wa uzazi, ngiri, kidole tumbo, kila kimoja na idhini yake. Kamati ya hospitali hutazama alisomea nini, kesi alizofanya karibuni ni ngapi, na wagonjwa walitokaje. Kisha hutazama jengo, na hapa ndipo wengi husahau. Bingwa aliyezoea kamera Mombasa, akija penye tieta isiyo na mashine hiyo, au inayo lakini hakuna muuguzi ajuaye kuiandaa, idhini hapewi. Si dharau kwa mikono yake.

"Nakala ya cheti ina muhuri wa wakili, yatosha." Muhuri wathibitisha tu kwamba nakala yafanana na karatasi iliyoletwa. Karatasi ikiwa ya kughushi, umepata ghushi yenye muhuri. Mwajiri akiandikie chuo moja kwa moja, kwa anwani aliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye wasifu wa mwombaji. Wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yao, aulize huko.

"Daktari Mwitaliano aliyekuja likizo anaweza kusaidia kambi ya bure." Bila leseni ya muda ya Kenya, hapana, hata awe profesa Milano. Matibabu kuwa bure hakubadilishi kitu.

"Ukishapewa idhini, umepewa." Kesi za mwanzo husimamiwa, na orodha ya idhini hupitiwa upya, kwa desturi kila miaka 2 au 3. Kosa la kawaida ni orodha kufungiwa ofisini. Muuguzi wa zamu saa nane usiku ndiye anayeihitaji, na ufunguo hana.

"Basi Lamu mgonjwa atakufa wakingoja kamati." La. Mama anavuja damu, kusi imechacha, boti haivuki kwenda Mokowe, upande wa bara: kanuni nzuri za hospitali huwa na kifungu cha dharura. Daktari aliyepo hufanya aliwezalo ndani ya leseni yake, huandika sababu na saa, na kamati huipitia faili baadaye.