Kwa nini Ctrl+C hukatiza kazi kwenye terminali ya Linux badala ya kunakili?

Nilikuwa nahamisha picha kutoka diski ya zamani hadi kompyuta yenye Linux, ofisini Moi Avenue, nikaona ujumbe wa hitilafu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Nilitaka kuunakili niutafute mtandaoni, nikabonyeza Ctrl+C kama nilivyozoea kwenye Windows kwa miaka. Papo hapo ikatokea alama ya ^C, na uhamishaji ukakoma katikati.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba waliounda Linux walibadilisha maana ya vitufe hivyo makusudi, ili wajitofautishe na Windows. Nimewasikia wengi wakisema hivyo hivyo, hasa wanapohama mfumo kwa mara ya kwanza. Ni kinyume kabisa. Katika Ctrl+C, maana ya kunakili ndiyo mgeni.

Kitufe cha Control, yaani Ctrl, kilianzia kwenye teletaipu, mashine zilizochapa kwenye karatasi maandishi yaliyofika kwa waya. Mwaka 1963 Marekani ilitoa ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake. Namba 0 hadi 31 hazikupewa herufi. Zilitengwa kwa amri.

Fikiria matatu ya Rongai. Abiria wanaongea, muziki unalia, na dereva hashughuliki na neno hata moja. Makanga akigonga bodi, mguu uko kwenye breki. Mlio ule umepita katika hewa ile ile inayobeba mazungumzo, lakini hakuna anayeudhania kuwa neno. Waya wa teletaipu nao ulikuwa mmoja: herufi na amri zilipita humo humo, kwa hiyo ilibidi zitofautishwe kwa namba. Kushikilia Control ni kuacha kuongea na kuanza kugonga bodi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. C kubwa ni 67; Control huondoa 64, inabaki 3, iliyomaanisha kwamba maandishi yamefika mwisho. G ni 71, inabaki 7, na hiyo iligonga kengele halisi ndani ya teletaipu. M ni 77, inabaki 13, yaani Enter. Jaribu sasa hivi: fungua terminali, andika ls, kisha badala ya Enter bonyeza Ctrl+M. Orodha ya faili itatokea. Hesabu ya miaka ya sitini ingali hai ndani ya laptopu iliyonunuliwa juzi Luthuli Avenue, na kila nikiijaribu nafurahi upya.

Mifumo ya ukoo wa Unix, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, Linux ikiwemo, ikipokea ile 3 huipelekea programu inayoendelea ishara ya kuacha kazi. Programu inaweza kuandikwa isiitii, ndiyo maana si zote hukatika.

Na kunakili? X ya kukata, C ya kunakili na V ya kubandika zilifika kwa wateja wa Apple kupitia kompyuta yake ya Lisa, mwaka 1983, zikitumia kitufe chenye picha ya tufaha. Windows ilizipokea katika toleo la 3.1, mwaka 1992. Kabla ya hapo watu walinakili kwa Ctrl+Insert. Kibodi za PC hazikuwa na tufaha, basi mzigo ukaangukia Ctrl, iliyokuwa tayari na kazi yake ya kale. Kwenye Mac hakuna mgongano huo: Command+C hunakili, Control+C hukatiza.

Kwenye terminali nyingi za Linux, ongeza Shift: Ctrl+Shift+C kunakili, Ctrl+Shift+V kubandika. Ctrl+Z nayo haitendui kosa. Huisimamisha programu, nawe huirudisha kwa kuandika fg. Inayotesa watu zaidi ni Ctrl+S. Mtu anataka kuhifadhi, skrini inaganda, anadhani mashine imekwama na kuizima kwa nguvu, kazi yote inapotea. Haijakwama. Imepokea amri ya zamani ya kumwambia anayetuma maandishi asubiri kidogo, na itasubiri hivyo hadi ubonyeze Ctrl+Q.