Funza wa embe haletwi na mvua

Ukanda wa Pwani bado wengi huamini kwamba funza huzaliwa na embe lenyewe, au kwamba mvua ndiyo humleta. Sivyo. Nzi jike wa matunda hutoboa ganda la embe linaloanza kuiva na kutaga mayai chini yake. Kinachoonekana nje ni kitone kidogo tu, wakati mwingine kinachovuja utomvu. Mvua huwasaidia nzi kuzaana, basi.

Nzi anayetusumbua zaidi ana asili ya Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na shamba letu la mchanganyiko linamfaa mno: maembe yakiisha, huhamia kwenye mapera na kungu, akisubiri msimu mwingine.

Lakini kiini cha tatizo kiko chini ya mti. Embe likianguka, funza hutoka, huingia kwenye udongo na kugeuka nzi. Kwa hiyo okota maembe yaliyoanguka, yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, uache juani mpaka funza wafe. Kuyafukia juujuu hakusaidii. Na tafadhali, usiwachome moto sisimizi waitwao maji moto waliomo mwembeni: huwafukuza nzi wasitage.